Mfumo Wetu Wenyewe Ulivyommeza Mama Suzana

Wiki iliyopita mliniacha nyuma ya ghala la korosho kule Lionja, makofi ya wakulima bado yananilia masikioni, simu ya Suzana mkononi, na kwenye kioo maandishi ambayo hata leo nikifumba macho nayaona: Kadi hii haisomeki. Ungependa kuifuta?

Niliichomoa ile kadi, nikaipuliza, nikaipangusa kwenye shati, nikairudisha. Kadi hii haisomeki. Nikaichomoa tena, nikaipuliza tena. Fundi simu wa miaka tisa mzima, napuliza kadi utadhani mtoto na uji wa moto!

Kwa aliyekosa gazeti nitarudia kwa kifupi, maana kuirudia kwenyewe kunaniuma.

Mimi naitwa Imrani, mzaliwa wa Nandagala, fundi simu pale Ruangwa mjini, jirani na soko. Mwenzangu ni Eustakio wa Nachingwea. Yeye hashiki bisibisi, yeye anaandika programu. Miaka mitatu nyuma tulianzisha duka la programu tukaliita Kapu, na wala hatuuzi kitu. Unakuja kibandani kwangu, unajiunga na waifai yetu ya bure, unafungua Kapu, unachukua unachokitaka. Ipo ya kuandika siku za kupulizia mikorosho, ipo ya kuorodhesha ng'ombe na ndama, ipo ya maneno ya Kimwera. Na ipo Kinasa, ya kurekodi sauti, ambayo ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kwa sababu wapo wengi ambao kuandika kwao ni shughuli.

Zote ni programu huria. Maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kusoma ndani zimeandikwaje. Ukutani nilipaka mwenyewe kwa rangi ya bluu: PROGRAMU ZETU HAZIMCHUNGUZI MTU. Nililipenda lile andiko. Nilikuwa nalifuta vumbi kila asubuhi.

Basi ikaja habari kwamba wakubwa wenye mfumo unaoendesha simu zetu, huko ng'ambo waliko, wanataka kila mtengeneza programu ajiandikishe kwao na kuwapa kitambulisho. Wasiyemkubali, programu yake haitaingia kwenye simu. Nilichemka, jamani.

"Eusta, sisi tumejenga kibanda ndani ya uwanja wa mtu," nilimwambia. "Siku akiamka vibaya anafunga geti, na Kapu limekufa. Tutengeneze mfumo wetu wenyewe. Simu nzima iwe yetu, kuanzia inapowaka."

Eustakio alicheka mpaka akakohoa.

"Imrani, duka ni duka na mfumo ni mfumo. Duka likikosea, mtu anakosa programu moja. Mfumo ukikosea, mtu hana simu. Kamera ikigoma utampigia nani? Programu ya benki ikikataa kufunguka utamwambia nini mwenye simu?"

"Wenzetu wameweza."

"Wenzetu wako mia mbili. Sisi tuko wawili, na mmoja wetu kazi yake ni kubadilisha vioo."

Hilo la vioo lilinichoma. Nilimsumbua miezi minane, asubuhi simu, jioni ujumbe, mpaka akasalimu amri. Akachukua mfumo huria uliokwisha kutengenezwa na watu wengine, akaupunguza hapa, akauongeza pale, akautia Kiswahili chetu. Ulikubali aina moja tu ya simu. Na katika watu wote ninaowajua, mwenye simu ya aina hiyo alikuwa Suzana, mchumba wangu.

Suzana ni binti wa Mzee Methusela, Msukuma mfugaji aliyehamia Malolo na familia yake miaka saba iliyopita. Mama yake, Lucia, alifariki mwaka jana kwa uvimbe wa tumboni. Wiki tatu kabla ya kuondoka alimwomba mwanawe simu, akafungua Kinasa, akajifungia chumbani. Alipotoka alisema: "Usiisikilize mpaka siku watakayokuja kukuposa. Siku hiyo nitasema mwenyewe mbele yao."

Suzana hakuisikiliza. Hakuinakili popote, maana aliogopa hata kuigusa isije ikajifungua. Na baba mdogo wangu Shehe alipompelekea Mzee Methusela barua ya posa, mzee alijibu neno moja tu: atakachosema Lucia ndicho hicho hicho.

Mimi nilikuwa naijua habari hiyo yote. Niliijua, na bado nilimwomba Suzana simu yake nikaonyeshe watu Lionja.

"Mama yangu yumo humo, Imrani," alisema.

Nilitazama. Simu ikaonyesha sauti ile iko kwenye memori kadi. "Yumo kwenye kadi," nikamjibu. "Kadi naichomoa, inakaa mfukoni mwangu. Hata simu ikiungua, mama yupo."

Akanikabidhi. Nikachomoa kadi, nikafuta simu yote, nikatia mfumo wetu wenyewe. Lionja wakapiga makofi, nami nikainama kwa madaha. Halafu nikaenda nyuma ya ghala na kurudisha kadi. Yaliyofuata mnayajua.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta baada ya hapo.

Jumanne asubuhi nilikuwa sijafungua hata dirisha la kibanda, Suzana huyu hapa. Kanga mpya, uso unang'aa, kabeba chupa ya maziwa ya mgando.

"Mwangaluka, fundi," akanitania kwa salamu ya Kisukuma. Kila siku huwa namjibu vibaya, anacheka. Siku hiyo sikuweza hata kujibu vibaya.

"Vipi, unaumwa?"

"Uchovu wa Lionja."

"Nimesikia mmeshangiliwa. Baba naye kasikia, kafurahi. Haya, nipe simu yangu, nimebaki bubu tangu Jumamosi."

Simu ilikuwa kwenye droo, inchi chache kutoka mkono wangu.

"Bado inajipanga," nikasema. "Mfumo mpya unachukua siku mbili tatu kutulia."

Uongo mtupu! Mfumo wetu ulitulia kwa dakika kumi na moja, Eustakio alijisifu kwa hilo.

"Sawa. Lakini Jumamosi hii ndiyo wazee wenu wanakuja, unakumbuka?"

"Nitasahauje?"

Akaweka kiganja chake juu ya meza, taratibu, karibu kabisa na ile droo.

"Mama yumo, eti?"

Ndugu zangu, ukweli ulikuwa mdomoni. Ningesema pale pale, angelia, angenitukana, labda angenisamehe. Nilimtazama macho yale.

"Yumo," nikasema.

"Asante," akasema Suzana, akanisukumia chupa ya maziwa. "Kunywa, umekonda."

Alipoondoka nilifunga dirisha nikakaa chini sakafuni. Sikuyanywa yale maziwa.

Mchana huo huo nilipanda bodaboda kwenda Nachingwea. Nilimkuta Eustakio chumbani kwake, nyaya kila mahali. Nikamrushia kadi juu ya kitanda.

"Isome."

"Shikamoo kwanza."

"Eusta, isome hiyo kadi, nitakufa mie!"

Aliichomeka kwenye kompyuta. Akatazama kioo. Akaichomoa na kuichomeka tena, halafu akanigeukia polepole.

"Hii kadi iliunganishwa na simu?"

"Kuunganishwa kivipi?"

"Imrani. Wewe ni fundi."

Nilielewa kabla hajamaliza.

Simu za huku kwetu nyingi ni ndogo, zinajaa upesi. Mteja analalamika kila baada ya wiki moja. Dawa yangu miaka yote ilikuwa hiyo: unatia memori kadi, unaiambia simu iihesabu kadi kuwa ni tumbo lake mwenyewe. Simu inapata nafasi, mteja anashukuru. Nimewafanyia hivyo nusu ya watu wa Ruangwa, sikuwahi kuwaza. Lakini simu ikishafanya hivyo inaifunga kadi kwa ufunguo, na ufunguo unakaa ndani ya ule mfumo wa zamani. Ukiufuta mfumo, umeufuta na ufunguo.

"Nani aliiunganisha?" aliuliza Eustakio.

Nilikumbuka. Miaka miwili nyuma, siku ya mnada. Mwanamke mrefu, sauti nene, kanga begani, kaniletea simu na huku anacheka. "Fundi, simu ya mwanangu imeshiba, itapike au uiongezee tumbo." Nikaiongezea tumbo. Ndiyo siku niliyofahamiana na Lucia. Ni yeye aliyenitajia kwamba ana binti.

"Mimi," nikasema. "Niliiunganisha mimi."

"Basi hakuna mtu duniani wa kuifungua. Hata hao wakubwa unaowatukana hawawezi."

"Kapu je? Hakuna nakala iliyobaki popote?"

Eustakio alifumbua mdomo, akaufumba. Halafu akageukia ukuta.

"Programu zetu hazitumi kitu popote," alisema. "Si ndivyo ulivyopaka?"

Nililia pale chumbani kwa mwanaume mwenzangu, sioni haya kusema. Nililia mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna msiba.

"Mwambie," Eustakio aliniambia wakati napanda bodaboda. "Mwambie kabla ya Jumamosi. Kaka, ukimwachia ajue mbele ya wazee, utakuwa umemuua mara mbili."

Alisema kweli. Alhamisi nikajikaza, nikasema sianzi na Suzana, naanza na baba mtu. Nikaenda Malolo.

Mzee Methusela alikuwa anakagua ndama aliyeumia mguu. Aliponiona aliacha kazi, akanawa, akaniletea kigoda mwenyewe kwa mkono wake. Mzee yule si wa maneno mengi. Tangu nianze kumjua sijawahi kumsikia anasema zaidi ya sentensi tatu mfululizo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, ng'wanawane."

Nilishtuka. Kisukuma changu ni kibovu, lakini hilo nilikuwa nalijua, maana Lucia alikuwa anamwita hivyo Suzana. Mwanangu. Mzee hajawahi kuniita hivyo. Siku zote mimi nilikuwa fundi.

"Baba, nimekuja kwa jambo la ile simu ya Suzana."

"Ndilo nililotaka kukuitia."

"Tafadhali baba, nianze mimi."

"Ngoja." Akainua kiganja. "Mimi nikianza kusema nisikatizwe, nikikatizwa nasahau."

Laiti ningemkatiza!

"Watu wa huku wameniuliza," alisema. "Na ndugu zangu kule kwetu wamepiga simu. Wote swali moja, Methusela, unamtoaje binti kwa Mmwera, tena Mwislamu, tena ambaye hana hata mbuzi? Mimi nimewajibu sijui. Sijui, kweli. Mambo ya watoto alikuwa anajua Lucia. Mimi najua ng'ombe."

Alichukua kijiti, akaanza kuchora chini.

"Nimeishi naye miaka ishirini na tisa. Tulipohama kule, wote walilia, yeye aliimba njia nzima, eti ng'ombe wasiogope. Sasa ni mwaka na miezi minne sijaisikia sauti yake. Usiku nataka kuikumbuka, haiji. Uso unakuja, sauti haiji. Suzana anayo kwenye simu, nikimwambia tusikilize kidogo tu anakataa, mama kasema siku yenyewe. Nami nikavumilia."

Nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo Jumamosi, wewe unadhani ni siku ya posa. Kwangu mimi anakuja mke wangu."

"Baba..."

"Sijamaliza. Masikio yangu siku hizi si mazuri, na simu ina sauti ndogo. Nimesikia dukani kwako una spika kubwa. Naomba uilete, tuiweke pale." Akanyoosha kijiti kwenye kivuli cha banda la ndama. "Nataka hata ng'ombe wamsikie. Walikuwa wanamjua."

Akanitazama, anasubiri neno langu.

"Haya, sema lako. Simu ina nini?"

Msomaji, wewe nihukumu. Mzee wa watu kakaa mbele yangu, macho yamelowa, anatabasamu kwa aibu.

"Nilitaka kusema hivyo hivyo," nikajibu. "Kwamba nitaleta spika."

Akanishika bega. Nikaondoka Malolo nikiwa mwongo mara mbili, kwa binti na kwa baba.

Ijumaa sikwenda msikitini. Ni Ijumaa ya kwanza kuikosa tangu nipate akili. Nilijifungia kibandani nikiwaza kutoroka, kwenda Masasi, kwenda popote pale. Nilikuwa nimeshafungasha bisibisi zangu, mlango ukagongwa.

Alikuwa Eustakio, vumbi tupu kuanzia kichwani, begi la laptopu kifuani. Aliingia, akaufunga mlango kwa ndani. Hakutaka hata maji.

"Umemwambia?"

"Sikuweza."

"Kaa."

"Nimechoka kukaa."

"Imrani, kaa chini."

Nikakaa. Akafungua laptopu juu ya meza yangu, katikati ya vioo vilivyopasuka.

"Unakumbuka siku uliponiambia mfumo wetu uwe unasikia? Kwamba bibi yako pale Nandagala aiambie simu kwa Kimwera, nipigie fulani, na simu imwelewe?"

"Nakumbuka. Ulisema haiwezekani."

"Nilisema haiwezekani bila sauti. Ili simu ijifunze kusikia inahitaji sauti za watu, nyingi, maelfu. Wakubwa wanazo. Sisi tungezipata wapi?"

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Niliongeza mistari sita ndani ya Kinasa," alisema. "Mtu akija hapa, simu yake ikijiunga na waifai yako ya bure, Kinasa kinaleta nakala za alizorekodi. Zinakaa kwenye kile kikompyuta chako cha pale juu kinachogawa Kapu, mimi nikija nazibeba."

Nilitazama pale juu. Kisanduku cheusi, taa ya kijani inapepesa. Miaka yote nilikuwa nakifuta vumbi pamoja na lile andiko langu la ukutani.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Hata kabla hujanisumbua na mfumo. Nilikuwa nakubishia mdomoni, lakini moyoni niliutaka kuliko wewe."

"Za nani?"

"Za wote. Wakulima, wafugaji, mashehe, mama yako mzazi. Nina sauti elfu kumi na nne."

Nilimkamata kola. Nilimkaba mpaka kiti kikaanguka.

"Ukutani pameandikwa nini, Eusta? Soma! Pameandikwa nini?"

"Pameandikwa ulichoandika wewe!" Naye alikuwa analia sasa. "Programu huria, kila mtu anaweza kusoma ndani. Wewe umewahi kusoma? Hata siku moja? Mistari sita, Imrani, iko wazi mwaka wa pili huu, hakuna mtu aliyewahi kuitazama. Ulitaka nyumba yetu wenyewe, mimi nikatafuta matofali. Hukuniuliza yanatoka wapi."

Nikamwachia. Hao wakubwa wa ng'ambo, nilikuwa nimewatukana mwaka mzima kwa kutuchungulia, kumbe sisi tulishawachungulia mama zetu.

"Kwa nini Jumanne hukuniambia?"

"Niliogopa. Ukimpa Suzana sauti hiyo, atauliza imetoka wapi. Akijua yeye itajua Ruangwa yote na Nachingwea yote. Kapu limekufa, mfumo umekufa, na sisi sijui tutalala wapi. Nimekaa siku tatu sijapata usingizi. Nikasema bora niilete, uamue wewe."

Aligeuza laptopu. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja tu, tarehe ya mwaka jana na jina la simu ya Suzana. Dakika saba na nusu.

"Ndiyo hii?"

"Nimeisikiliza nusu tu. Ni Kisukuma, sikuelewa. Lakini umetajwa jina."

"Nani katajwa?"

"Wewe. Mara tatu."

Lucia kanitaja. Wiki tatu kabla ya kufa, kajifungia chumbani na maumivu yake, kanitaja mimi. Kwa heri au kwa shari? Alinipenda, au alisema mwanangu usithubutu?

Ningesubiri. Mwenye akili timamu angesubiri. Lakini nilijiambia nahakikisha tu kama ni yeye kweli, nisipeleke Malolo sauti ya mtu mwingine. Nikabonyeza.

Kwanza kikaja kikohozi. Halafu kimya, na kwa mbali kengele ya ng'ombe. Halafu ile sauti nene, imechoka lakini ina kicheko ndani yake, ikajaa kibandani.

"Suzana, ng'wanawane..."

Eustakio alifunika uso. Mimi nilipiga magoti bila kujijua, kichwa kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa inasema taratibu, neno kwa neno, inapumzika, inaendelea. Sikuelewa chochote, na nilikuwa nalia kama naelewa. Kisha nikasikia jina langu. "Imrani." Baada yake maneno mengi ya haraka, makali, na mwisho kitu kama kicheko au kilio. Sikuweza kutofautisha.

"Zima."

Si Eustakio aliyesema. Sauti ilitoka dirishani.

Dirisha la kuhudumia wateja lilikuwa wazi kiasi cha kiganja, nilisahau kulifunga. Suzana alikuwa amesimama nje, kaegemeza paji la uso kwenye mbao. Alikuwa amekuja kuchukua spika, baba yake kamtuma.

"Zima, Imrani! Mama alisema siku yenyewe!"

Nikazima. Vidole vilikosea mara mbili, Lucia akasema maneno mawili zaidi, ndipo akakatika.

Nilimfungulia mlango. Aliingia, akasimama katikati. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwaka na miezi minne," alisema. "Kila siku naiangalia naiacha. Baba ananibembeleza namkatalia. Na wewe umeifungua, umemwita na rafiki yako msikilize."

"Suzana, si hivyo."

"Umeelewa alichokisema juu yako?"

"Sikuelewa. Wallahi sikuelewa."

"Mimi nimeelewa."

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Nilimtafuta usoni, labda nitaona kitu, sikuona.

"Simu yangu iko wapi?"

Nikafungua droo, nikampa. Aliiwasha. Ikawaka na picha yetu ya kapu, Karibu kwenye mfumo wetu wenyewe, kwa Kiswahili safi kabisa. Akafungua huku, akafungua kule. Kote kweupe. Akaiweka juu ya meza taratibu, kando ya laptopu, akavitazama vile vitu viwili kwa zamu.

"Humu mama hayumo," alisema.

"Hayumo."

"Uliniambia yumo."

Nikaisukuma droo ikafungika.

"Na Kinasa hakitumi kitu popote. Wewe mwenyewe ulimwapia mama yangu, hapa hapa, mimi nikiwepo. Ndiyo maana alikubali kusema humo ndani maneno aliyomficha hata baba." Akanyoosha kidole, akaigusa laptopu kwa ncha ya ukucha. "Basi niambieni. Kwenye kompyuta ya Eustakio, mama yangu alifikaje?"

Eustakio aliinamisha kichwa. Nikageuza macho nisimtazame Suzana, yakaangukia nje, kupitia mlango aliouacha wazi.

Watu watatu walikuwa wamesimama kivulini. Mama mmoja wa Nandagala ninayemjua, na vijana wawili wa mnadani. Walikuwa wamesikia swali. Walikuwa wameshika simu zao mkononi, zimekwisha kujiunga na waifai yetu ya bure, na juu ya kichwa changu ile taa ya kijani ilikuwa inapepesa.